Kroshe ya remorke: « imeshika » haitoshi



Nitaanza na kipande cha chuma. Niko nacho hapa juu ya meza. Upana wake ni vidole vinne. Kilikatika nyuma ya pikap ya yaya wangu kwenye barabara ya Likasi, Jumamosi asubuhi, wakati remorke ilikuwa na kubitene ya maji yenye kujaa. Remorke ilijifungua, ikaenda yenyewe upande wa kuume, ikapasua magunia matatu ya makala ya mama mumoja aliyekuwa anauzisha pembeni, kisha ikalala mu mufereji. Yule mama alikuwa amevuka barabara dakika ileile kumurudishia mteja franga zake. Njo maana leo naandika kwa hasira tu, siandiki kwa machozi.

Magunia tulilipa. Mama alitusamehe, tena akatucheka kidogo. Lakini mimi nilichukua kile kipande, nikakipangusa, na nilipotazama pale kilipokatika nilinyamaza. Sehemu kubwa, karibu robo tatu, ilikuwa nyeusi na kutu. Pembeni tu kulikuwa sehemu ndogo iliyong'aa kama feza. Hata mutu asiyesoma mekanike anaweza kusoma hiyo barua. Kutu haiingii ndani ya chuma kwa dakika moja. Ule ufa ulikuwa pale wiki nyingi. Sudiri ilikuwa imekufa robo tatu tangu zamani, na ile robo iliyobaki njo ilikuwa inavuta karibu tani moja na nusu, sisi tukiwa mbele na muziki.

Wakati huo wote, ukimuuliza yaya kama kroshe yake iko sawa, jibu lilikuwa neno moja: « Imeshika. »

Hilo neno njo ninataka kukosoa leo, juu ninalisikia kila mahali, na juu hata sisi wenye kusoma tunalikubali.

Tuseme kwanza vile hizi kroshe zinazaliwa. Pikap inatoka Japani, inapita Dar es Salaam, inapanda mpaka Kasumbalesa, inafika hapa Lubumbashi bila kitu cha kuvutia nyuma. Mwenye gari anapata shantye, anataka kuvuta betonyera, ao grupu ya umeme, ao maji. Anaenda garaji ya Katuba ao ya Kenya (Kenya ya kwetu, komini, si ile inchi). Anamwambia fundi: « Papa, nifanyie kroshe. » Fundi hamuulizi uzito, naye mwenye gari hasemi. Fundi anatafuta mu vyuma vyake, anapata tole nene, bomba, ao lame ya resori ya kamio iliyovunjika. Anakata, anachomelea chini ya pare-shoki. Remorke ikionekana iko chini kuliko pikap, anarefusha mukono ushuke sentimeta 20. Bule inanunuliwa sokoni. Kisha inakuja examen: vijana wawili wanapanda juu ya kroshe na kurukaruka, fundi anapiga nyundo mara tatu, anasikiliza sauti, anasema: « Injenia, hii hata tembo itamuvuta. » Analipwa. Kwisha.

Sitaki mutu aelewe kwamba ninamutukana sudere. Ule aliyefanya ya yaya anajua kazi. Mustari wake ni muzuri, hakuna matundu, hakuna taka. Kama ni concours ya kuchomelea tole, atanishinda mimi na promosheni yangu yote. Shida ni kwamba aliulizwa swali mbaya. Aliulizwa: itashika? Na kweli, ilishika.

Nipeni ruhusa ya hesabu kidogo. Wale waliokimbia hesabu tangu humanités wanaweza kuruka paragrafu mbili, lakini ninawaomba wasiruke.

Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa, Namba 55, inayohusu vyombo vya kuunganisha gari na remorke. Inaanza na nguvu inayoitwa D: unazidisha uzito wa gari kwa uzito wa remorke, unagawanya kwa jumla ya hizo mbili, kisha unazidisha kwa 9,81. Pikap ya yaya na watu ndani, tuseme tani 2,5. Remorke na maji litre 1000, tani 1,4. Inatoka karibu kilonyutoni 8,8. Si nguvu ya kutisha. Ni kama kuning'iniza ng'ombe mumoja mukubwa na ndama wake. Kanuni ile haiishii hapo. Inaomba chombo kisukumwe na kuvutwa, mbele na nyuma, kwa 0,6 ya D kila upande, mara milioni 2. Si mara moja, wala si vijana wawili kurukaruka. Milioni 2, na hakuna ufa unaoruhusiwa.

Sasa ule mukono wa sentimeta 20. Nguvu ikivuta huko chini, juu kwenye sudiri inageuka kuwa nguvu ya kupinda. Nilipima sudiri za kroshe ile: mistari miwili ya wima, kila moja milimeta 100, na unene wa kweli karibu milimeta 4. Chini ya mujaribio ule, kila milimeta ya mraba inabeba nyutoni kama 79. Chuma cha kawaida kinaanza kujikunja kwenye 235. Kwa hiyo fundi ana haki: kroshe iko na nguvu mara tatu ya ile inayohitajika! Tembo angevuta. Lakini nguvu inaenda na kurudi, 79 upande huu na 79 upande ule, tofauti ni karibu 158. Na kwa sudiri ya kona kama hii, vitabu vya Eurocode 3 vinahesabu kwamba kwa mara milioni 2 tofauti isipite 36. Ukipita hapo, maisha yanashuka kwa nguvu ya tatu: ukizidisha mushtuko mara mbili, unakata maisha mara nane. Kwa 158 inabaki karibu mara 23 000. Kutoka hapa mpaka Likasi ni kama kilometa 120. Kama kila kilometa inakupa mishtuko mikubwa 10, kwenda na kurudi ni 2 400. Safari ya kumi haimaliziki.

Ni kweli, barabara haitoi mushtuko kamili kila mara, na mahali pengine lami iko laini. Maisha yanaweza kuwa marefu kuliko hesabu yangu. Lakini sudiri yenye kasoro inayapunguza tena, na mashimo ya musimu wa mvua munayajua wenyewe. Ninachotaka muone ni kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na nguvu mara tatu leo na kukatika mwezi ujao, bila mutu yeyote kuongeza muzigo. Chuma kinachoka. « Imeshika » ni habari ya jana tu.

Baada ya ile Jumamosi, yaya alifanya nini? Jioni ileile alirudi garaji na akasema: weka chuma kigumu zaidi. Fundi akaleta lame ya resori. Hapa njo nilipandisha sauti mbele ya watu, kitu ambacho mudogo hafanyi, na nilimuomba yaya msamaha kesho yake. Lakini kwa chuma sikuomba msamaha.

Lame ya resori ni chuma chenye kaboni nyingi, karibu asilimia 0,6. Ni kizuri sana kwa kazi yake ya kupinda na kurudi. Lakini ukikichomelea hivihivi bila kukipasha moto kwanza na kukiacha kipoe polepole, pembeni ya sudiri kinakuwa kigumu na chenye kuvunjika kama sahani. Fundi anaona mustari muzuri, ufa uko chini ya mustari. Na hata kama angefanya vizuri, ugumu wa chuma hauongezi maisha ya sudiri mbele ya uchovu. Hiki njo kitu kinachonishangaza mimi mwenyewe tangu tulipofundishwa: ukichomelea chuma cha bei na chuma cha kawaida kwa namna moja, zinachoka karibu sawasawa. Ufa unaanzia kwenye umbo la sudiri, hauangalii bei ya chuma. Ni heri kufupisha mukono kuliko kuongeza ugumu.

Ugonjwa uleule uko kwenye ferabeto. Nimeona mara nyingi kipande cha ferabeto ya 16 kimewekwa kama chevi ya kushikilia remorke, kimepindwa juu ili kisianguke. Ferabeto inatengenezwa kukaa ndani ya beto, haijatengenezwa kukatwa na kusuguliwa kila siku mu tundu lililolegea. Na mabulo: kichwa kikiandikwa 8.8, maana yake ni kwamba inavumilia 800 kwa milimeta ya mraba kabla ya kukatika, na inaanza kuachia kwenye asilimia 80 ya hiyo. Kichwa kisichoandikwa kitu, hujui umenunua nini. Tunabishana juu ya bei ya bulo nne, kisha tunaweka bule ya bei juu ya bulo za kifungio cha mulango.

Juu ya bule yenyewe nitasema kidogo. Remorke nyingi hapa zinatoka Afrika ya Kusini ao Ulaya, zinataka bule ya milimeta 50. Sokoni kuna pia bule za inchi 2, ambayo ni milimeta 50,8. Kwa macho huoni tofauti. Lakini kichwa cha remorke cha milimeta 50 hakifungi vizuri juu ya bule ya 50,8. Kinakaa juu, kinakudanganya kwamba kimefunga, na shimo la kwanza linakifungua. Chukua pied à coulisse, pima. Pia, remorke za kompresa zenye pete ya duara hazikuumbwa kwa bule. Pete inataka ndoano yake.

Shasi nayo inalia kimya. Pikap zetu zina shasi ya mihimili miwili ya tole, unene milimeta chache tu. Watengenezaji wengi wanakataza kuchomelea ao kutoboa mabawa ya juu na ya chini ya mihimili hiyo, juu pale njo panapobeba kupinda. Fundi anapochomelea kroshe kwa kukata bawa la chini, ufa wa kesho hautakuwa kwenye kroshe, utakuwa kwenye gari yenyewe. Na tafadhali, muondoe waya za batri mbele ya kuchomelea; nimeona kalkilateri ya moteri ikifa siku moja juu ya sudiri ya dakika tano.

Kuna wanaosema: « Mimi ninaendesha polepole. » Ninawaheshimu, lakini kuna jambo hawaoni. Remorke ikipakiwa nyuma ya ekseli, pua yake inakuwa nyepesi, inaanza kucheza kushoto na kuume kama mukia wa samaki. Wamarekani wanashauri pua ibebe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa remorke. Yetu ya tani 1,4 ingekuwa na kilo 140 kwenye bule. Tulipopima baadaye, tukiweka mizani ya magunia chini ya pua, ilikuwa kilo 30. Tulikuwa tumesukuma kubitene nyuma ili tupate nafasi ya kuweka mabomba mbele! Na ule mukono uliorefushwa unatoa bule mbali na magurudumu ya pikap, hivyo mukia unapata kamba ndefu ya kuchezea gari. Kubitene ikiwa nusu ni mbaya kuliko ikijaa, juu maji yanakimbia ndani na hakuna ukuta wa kuyazuia. Kama inaanza kucheza, mutu anafikiri akanyage gaz imunyooshe, ao akanyage breki kwa nguvu. Yote mawili yanaweza kumugeuza. Unaachia gaz, unashika usukani wima, unangoja.

Breki, basi. Ulaya remorke ikipita kilo 750 lazima iwe na breki zake. Yetu ni karibu mara mbili ya hiyo na haina hata moja. Uzito wote unasukuma kroshe kila ukisimama, na pikap njo inalipa peke yake.

Najua jibu linalokuja, nimelisikia kwenye familia na nitalisikia hapa chini: « Muko na vitabu, sisi tuko na njaa. Kroshe ya kununua ni dolari ngapi? » Swali ni la haki. Mimi pia sina kroshe ya kununua. Lakini hesabu ya umaskini inafanywa kwa upande mumoja tu. Mwenye pikap anaokoa dolari, na hatari anaiweka juu ya mutu anayetembea pembeni, mwenye makala, mwenye kinga, mutoto wa shule. Yule mama hakuulizwa kama anakubali kroshe yetu. Hakupata hata franga moja ya faida ya maji yale. Njaa yangu hainipi ruhusa ya kucheza na mugongo wa mwingine, na kama tunasema hatuna pesa, basi tuvute kilo 500, ao tuweke maji litre 500 ndani ya benne na tufanye safari mbili. Hiyo haihitaji kroshe hata kidogo.

Na sisi wahitimu tusijifiche. Pale garaji siku ya kwanza, kabla ya yote haya, nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa juu ya bidon, simu mukononi. Nilisoma uchovu wa vyuma, niliandika juu yake kwenye examen, nilipata pwe nzuri. Fundi alipouliza « Injenia, iko bien? », niliinua kidole gumba. Sikuinama. Huwa tunacheka mafundi kwamba hawakusoma. Siku ile aliyesoma njo alipitisha kroshe.

Sasa kama lazima kroshe itoke garaji, isemwe vile inaweza kutengenezwa kwa akili. Muhimili mumoja wa kupita, unaoshika mihimili yote miwili ya shasi, kwa mabulo ya 8.8 ao 10.9, kwenye ubavu wa shasi, si kwenye mabawa. Ndani ya muhimili wenye sanduku unaweka kibomba ili bulo ikikazwa isipasue tole. Mukono uwe mufupi. Kama urefu hauendani, badilisha urefu wa remorke, si wa mukono. Chuma kiwe cha kujulikana, chenye kaboni ndogo. Kwa sudiri za mukono, bageti za 7018 ziko bora kuliko 6013, lakini zikae pakavu. Bageti ya 7018 iliyolala mu unyevu wa Januari inaingiza hidrojeni mu sudiri, na ufa unakuja usiku, fundi akiwa amelala. Minyororo miwili, ikiungana msalaba chini ya pua, na ifungwe kwenye shasi. Nimeona mnyororo umefungwa kwenye kroshe yenyewe, yaani kroshe ikikatika, mnyororo unaisindikiza.

Na kuna mujaribio mumoja ambao hauna bei, wazee wa reli waliujua. Safisha sudiri kwa brosi ya chuma mpaka ing'ae. Pakaa mafuta ya taa, acha robo saa yaingie. Pangusa kavu kabisa. Kisha vumbisha chaki ya shule iliyosagwa, ama chokaa kavu, juu yake. Ngoja. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mustari mweusi kwenye weupe wa chaki, mwembamba kama unywele. Fanya hivyo kila mwezi, na kila mara baada ya kupita barabara mbaya. Ukiona mustari, usichomelee juu yake. Ufa uliofunikwa ni ufa bado. Sagwa mpaka uishe, ama utupe.

Yaya alikubali mengi. Minyororo iko, ya kweli, kwenye shasi. Muhimili wa kupita uko na bulo nane za 8.8, nilihesabu na nikakaza mwenyewe. Lame ya resori ilirudi kwa kamio. Breki za remorke bado, anasema mwezi ujao, kwa hiyo kubitene inajazwa nusu chini ya mapatano yetu, ama hainajazwi kabisa, na hapo tunagombana juu ya maji kukimbia ndani. Nimemuomba anunue mapipa manne ya litre 100 yenye kifuniko, tuyafunge mbele ya ekseli.

Jumapili iliyopita nilipeleka chaki na mafuta ya taa kwenye parking ya kanisa, kwa pikap za marafiki watatu. Mbili zilibaki nyeupe. Ya tatu ilichora mustari wa sentimeta sita. Mwenyewe aliutazama muda murefu, akaupangusa kwa kidole, ukarudi kuchora tena. Akaniuliza kama anaweza kufika nayo Kolwezi Jumatatu. Nikamuambia aache remorke kwangu, ifungwe kwa mnyororo kwenye mwembe. Iko pale mpaka leo.